Ulevi wa wenye tai ni ugonjwa, tusiufunike kwa barua za malaria

Kwa miaka mingi Jumatatu imekuwa siku yenye shughuli nyingi mno katika kliniki yangu, nami nilijidanganya kwamba sababu ni wikendi tu. Watu wamekula nyama choma isiyoiva vizuri, wamesafiri mashambani na kurudi na mafua, wamelala kwenye matanga na kupigwa na baridi. Leo nataka kuungama mbele ya wasomaji wa ukurasa huu. Wengi wa wagonjwa wale wa Jumatatu, wanaume wa makamo waliofunga tai na wanawake waliobeba mikoba ya ngozi, hawakuwa na malaria wala hawakula chakula kibovu. Walikuwa na pombe mwilini. Mimi nilijua, na bado nikaandika malaria.

Niliandika kwa sababu ndivyo tulivyozoea sisi madaktari. Mgonjwa anayevaa kama wewe, anayezungumza kama wewe, ambaye pengine mlisoma naye chuo kimoja, huwezi kumuuliza swali ambalo ungemuuliza kibarua wa mjengo bila haya. Unamwandikia ruhusa ya siku mbili, mnaagana kwa mkono, naye mkubwa wake kazini anaipokea barua ile akijua vyema kwamba ni ya uongo, anaiweka kwenye faili. Watu watatu wenye elimu wameshirikiana kumsaidia mmoja wao kufa polepole.

Mmoja wa wagonjwa hao nitamwita Mhasibu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, ingawa mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane. Alianza kuja kwangu akiwa na umri wa miaka 38. Mtu nadhifu, mpole, asiyebishana kuhusu bili. Malalamiko yake yalikuwa yale yale kila mara: kiungulia, usingizi wa mang'amung'amu, presha isiyoshuka licha ya dawa. Nilimpa dawa ya kiungulia. Nilimpa dawa ya presha, halafu nikaongeza ya pili. Kipimo cha ini kiliporudi kutoka maabara kikionyesha kwamba vimeng'enya vimepanda, nilimshauri apunguze mafuta. Hebu msomaji tafakari! Mtu ananuka pombe saa tatu asubuhi mbele ya daktari mwenye shahada, na daktari anamwambia apunguze chapati.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka sita.

Katika nchi hii tunapotamka neno mlevi, picha inayotujia ni ya yule aliyelala mtaroni na kiatu kimoja. Mwezi wa Februari 2024 watu walipofariki kule Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu, taifa zima lilizungumza, maafisa wa utawala wakavamia vilabu, mitungi ikamwagwa. Ilikuwa haki kuzungumza. Lakini wiki hiyo hiyo, katika vilabu vya wenye magari, watu walikuwa wakiagiza chupa nzima ya wiski mezani siku ya Jumatano, na hakuna aliyevamia. Utafiti wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa kiasi cha mtu 1 kati ya kila 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hapa Kenya amekuwa mtumwa wa pombe. Haiwezekani hao wote wawe mtaroni. Wengine wako benki, shuleni, mahakamani, na wengine, samahani wenzangu, wako kwenye wodi wakiwa wamevaa koti jeupe.

Mshahara ndio unaomficha mraibu wa ofisini. Maskini anayekunywa kupita kiasi huonekana mapema kwa sababu watoto wake hulala njaa. Mwenye mshahara mzuri anaweza kunywa kwa miaka 15 huku karo inalipwa, gari lina mafuta, na jirani anamsifu kwamba ana kichwa, anaweza kumaliza chupa na asiyumbe. Sifa hiyo ni dalili ya ugonjwa. Mwili wa mtu asiyeyumba umezoea sumu hadi unahitaji kiasi kikubwa kuliko mwenzake ili ahisi chochote.

Basi ni ishara zipi? Huanzia kwenye kalenda. Mtu hakosi kazi Jumatano, hukosa Jumatatu, au siku inayofuata mshahara. Kazi ngumu huifanya kabla ya saa sita, na baada ya chakula cha mchana mlango hufungwa. Hujitolea kwenda semina za nje ya mji, ambako hakuna mtu wa nyumbani. Ana mshahara wa kutosha lakini ana mikopo ya simu mitatu na sacco inamdai. Peremende haziishi mfukoni. Saini yake ya asubuhi haifanani na ile ya saa tisa, kwa kuwa asubuhi mkono unatetemeka. Na iko ile ishara ambayo kila mlevi wa Nairobi anaijua kwa jina lake: kutoa loki. Waswahili wa pwani husema kuzimua. Mtu anapohitaji kinywaji cha asubuhi ili mikono itulie aweze kufunga vifungo vya shati, huyo hanywi tena kwa starehe. Anakunywa dawa ya ugonjwa ambao pombe yenyewe ndiyo imeuleta.

Kuna maswali manne ambayo daktari Mmarekani, John Ewing, aliyachapisha mwaka wa 1984 na ambayo bado tunayatumia. Nayaeleza kwa maneno yangu. Je, umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze pombe? Je, huudhika watu wanapoisema pombe yako? Je, umewahi kujiona mwenye hatia kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa mara tu unapoamka ili utulie? Anayejibu ndiyo mara mbili au zaidi amwone daktari. Kipo pia kipimo cha maswali 10 cha Shirika la Afya Duniani, kiitwacho AUDIT, ambacho Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoshiriki katika utafiti wa kukitengeneza. Kwa hiyo asije mtu akasema hayo ni mambo ya Wazungu yasiyotufaa.

Nisiwaache nyuma wale wasiogusa pombe. Ninao wagonjwa, wengi wao wanawake wenye vyeo, ambao walianza na kidonge cha usingizi wakati wa msiba au wakati wa kesi ya talaka, na sasa mwaka wa nne hawalali bila vidonge vitatu. Wapo wanaokunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini bila kikohozi. Na katika taaluma yetu ya tiba kuna janga la wauguzi na madaktari walio karibu na kabati la pethidini na mofini. Muuguzi mmoja niliyemtibu alikuwa akivaa sweta ya mikono mirefu hata mwezi wa Februari, na wenzake wote wa zamu walijua sababu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Tofauti ya watu hawa na kijana anayejidunga heroini uchochoroni ni kwamba chanzo chao ni safi na kina lebo. Uraibu wenyewe ni ule ule, na unatibika. Tangu mwishoni mwa 2014 hospitali ya Mathari imekuwa ikitoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na kote nchini hatuoni ajabu tena kwamba uraibu ni jambo la zahanati.

Sasa nirudi kwa Mhasibu, maana mambo yake hayakuishia kwenye kiungulia.

Siku moja ya Alhamisi aligombana na mkewe, akaapa mbele ya watoto kwamba hatagusa tena. Alikuwa mkweli. Ijumaa hakunywa, akatoka jasho usiku kucha. Jumamosi asubuhi, wakati wa kunyoa, alianguka bafuni akapigwa na kifafa. Mkewe alimfikisha hospitali moja ya kibinafsi ambako alisema mumewe hana ugonjwa wowote, na hakuna aliyeuliza kuhusu pombe. Jumapili usiku alianza kuweweseka, akiona wadudu kwenye shuka na kumfukuza mtu ambaye hayupo. Ndipo mkewe aliponipigia simu, na ndipo kwa mara ya kwanza katika miaka sita niliuliza: anakunywa kiasi gani kwa siku? Mama yule alinyamaza, kisha akasema, "Daktari, mimi nilidhani wewe unajua."

Nataka msomaji aielewe sehemu hii hata kama atasahau mengine yote. Pombe hutuliza ubongo. Inapoingia kila siku kwa miaka, ubongo hujizoesha kwa kuongeza kasi yake ili uweze kufanya kazi, kama dereva wa matatu ambaye breki ya mkono imekwama, naye anazidi kukanyaga mafuta ili gari lisonge. Ukiifungua breki hiyo ghafula, gari hufyatuka. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa aghalabu huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka, ambako kunaweza kuua, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa sababu hiyo anayekunywa sana kila siku hafai kuachishwa kwa kufungiwa chumbani, wala kwa mkesha wa maombi peke yake, hata kama ameamua kwa moyo safi. Anahitaji daktari atakayempa dawa ya kutuliza ubongo kama diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1 ili kumbukumbu yake isiharibike kabisa. Kazi hiyo huchukua wiki moja hivi. Haihitaji mashine za ajabu. Hospitali nyingi za kaunti zinaweza kuifanya, ikiwa tu mtu amesema ukweli mlangoni.

Mhasibu alipona. Siku ya nane mkewe aliingia ofisini kwangu na barua. Kampuni ilikuwa imemtaka mumewe ajieleze kwa nini asifukuzwe, kwa kuwa hesabu za mwisho wa mwezi zilikuwa zimechelewa mara ya tatu. Mama aliomba kitu kimoja tu. "Daktari, andika ni kifafa. Alipigwa na kifafa kweli, sivyo?"

Ni kweli, alipigwa. Ningeandika, nisingekuwa nimesema uongo wa kunifungisha. Lakini nilijua kwamba barua hiyo ingempa wiki mbili, angerudi kazini, na katika mwezi mmoja tungekuwa pale pale. Nilikwenda wodini nikamwambia Mhasibu mwenyewe: nikiandika kifafa nitakusaidia kuipoteza kazi mwakani, nikiandika ukweli huenda ukaipoteza leo, na barua ni yako, siwezi kutoa siri yako bila idhini yako. Alifikiri usiku mzima. Asubuhi akasema niandike.

Hapa ndipo ninapotofautiana na sheria za nchi yetu na pia na waajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 44, inahesabu kulewa kazini hadi kushindwa kazi kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Sina ugomvi na hilo, maana sitaki dereva mlevi wala muuguzi mlevi. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake. Vyema. Lakini kifungu cha 30 kinamhakikishia mfanyakazi siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka mzima, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho waajiri wengi hukigeuza kuwa cha juu. Matibabu ya kuwekwa katika kituo cha kurekebisha waraibu hapa nchini huchukua kwa kawaida siku 90. Nani atafanya hesabu hizo zilingane? Mfanyakazi anayetaka kupona analazimika kuchagua kati ya dawa na kazi, na asiye na akili timamu kwa sababu ya pombe tunamtaka afanye uamuzi huo akiwa peke yake.

Mwajiri ataniuliza kwa nini agharimie makosa ya mtu mwingine. Jibu langu ni kwamba anayagharimia tayari. Analipa Jumatatu ambazo hazifanyiwi kazi, analipa makosa ya hesabu, na siku atakapomfukuza atalipa kumfunza mgeni kazi ambayo huyu aliifanya kwa miaka 12. Mwalimu mmoja wa shule ya upili niliyemfahamu, fundi wa fizikia ambaye wanafunzi wake wengi sasa ni wahandisi, alifutwa kazi kwa ulevi bila mtu yeyote kumtajia matibabu. Kazi ilikuwa ndiyo kamba ya mwisho iliyomfunga na maisha ya kawaida. Alifariki kabla mwaka haujaisha, ini likiwa limekwisha. Kwenye mazishi tulichanga pesa nyingi, sanduku lilikuwa zuri na mabasi mawili yalikodishwa. Nilikaa pale nikipiga hesabu, nikaona mchango ule ungelipia sehemu kubwa ya matibabu yake. Wakenya hatushindwi na harambee. Tunachoshindwa ni kumwita mtu mgonjwa angali hai. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kampuni ya Mhasibu ilikubali. Haikukubali kwa ukarimu mkubwa, tusitiane chumvi. Alipewa likizo bila malipo kwa miezi mitatu, na aliporudi aliwekwa kwenye dawati la chini, mbali na funguo za sefu. Aliona aibu mno. Mwezi wa nane alianguka tena, akanywa siku nne mfululizo baada ya harusi ya mdogo wake. Safari hii alinipigia mwenyewe, bila kusubiri Jumatatu. Tulianza upya. Watu hudhani kuanguka tena kunaonyesha kwamba matibabu ni bure, lakini mgonjwa wa kisukari anapopandisha sukari baada ya Krismasi hatumwambii insulini haina kazi. Sasa ni mwaka wa nne hajaonja.

Kuhusu dawa, zipo zinazosaidia baada ya mwili kusafishwa. Naltreksoni hupunguza ile hamu. Disulfiramu humfanya mtu augue vibaya akinywa, na ni lazima ini na moyo vichunguzwe kwanza. Akina mama wameniuliza mara nyingi kama wanaweza kuitia kwenye chai ya mume bila yeye kujua. Asilani! Asiyejua ameinywa atakunywa pombe yake kama kawaida, na unaweza kumuua jikoni mwako.

Dawa hazitoshi peke yake. Mtu aliyekunywa kwa miaka 15 hajui afanye nini saa kumi na moja jioni Ijumaa. Ndiyo maana nawatuma wagonjwa wangu kwa washauri nasaha, na kwenye mikutano ya Alcoholics Anonymous, ambayo haitozi ada na hufanyika Nairobi na kwingineko. Wenye vyeo hukataa, husema hapo ni pa walevi. Huwaambia kwamba chama hicho kilianzishwa mwaka wa 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, na wanaume wawili: mmoja mtu wa soko la hisa na mwingine daktari mpasuaji ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Walikuwa wenye tai kabisa.

Ukitafuta kituo cha matibabu, uliza kama kimeidhinishwa na NACADA na uombe kuona cheti. Uliza daktari huja mara ngapi, na mgonjwa akipigwa na kifafa usiku nani yuko zamu. Ukijibiwa kwamba mgonjwa huchukuliwa nyumbani usiku na vijana wenye misuli na kufungiwa, ondoka. Uliza pia kinachofanyika baada ya siku 90, maana hapo ndipo kazi ilipo. Kabla ya kulazwa, pata jibu la maandishi kutoka SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na kutoka kwa bima ya kazini, kwa kuwa bima nyingi za kibinafsi zina kifungu kwa maandishi madogo kinachokataa gharama zozote zitokanazo na pombe. Kifungu hicho kinafaa kupigwa vita, na vyama vya wafanyakazi vinavyopigania nyongeza ya mshahara kila mwaka vingefanya vizuri kukitupia jicho.

Nami nimebadilisha kawaida yangu. Kila mtu mzima anayeingia kliniki kwangu, awe askofu au kondakta, huulizwa kuhusu pombe na vidonge kama anavyoulizwa kuhusu mzio wa dawa. Siandiki malaria bila kipimo cha damu. Nimepoteza wateja wachache wa Jumatatu kwa sababu hiyo, na najua wameenda kwa mwenzangu barabara ya pili.

Iwapo wewe unayesoma ndiye, unaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192 ya NACADA uzungumze na mshauri kabla hujamwambia mtu yeyote. Ukiamua kumwona daktari, nenda asubuhi, na mchukue mtu mmoja unayemwamini. Beba vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya kuazima. Mwambie daktari kiasi halisi, kwa chupa, wala si kwa glasi. Na usijiachishe ghafula nyumbani siku tatu kabla ili ufike ukiwa msafi. Nenda hivyo hivyo ulivyo, hata kama umekunywa.